Ukihama, Unatoka na Nini?

Ujumbe mwingi mlionitumia mwezi huu umebeba ugomvi. Kuna binti na kaka yake hawaelewani kwa sababu fedha ya familia inatosha laptopu moja tu. Binti anataka Mac, kaka anasema nje ya Windows hakuna kompyuta. Kuna mwanachuo anayetumia Linux, wenzake wa hosteli wamechoka kumsikia akiisifia, naye amechoka kuitwa mtu wa ajabu. Na kuna dada mmoja, ambaye ndiye aliyenigusa zaidi, amelipia programu ya muziki kila mwezi, akajaza simu nyimbo za taarabu anazozipenda mama yake, kisha ukaja mwezi ambao fedha ilitakiwa iende kwenye ada ya mtoto. Hakulipa. Nyimbo zote zikajifunga. Anauliza: dada, nimeibiwa?

Hujaibiwa, mdogo wangu. Ulikuwa umepanga, ukadhani umenunua, na aliyekupangisha hakujisumbua sana kukueleza tofauti. Nitakurudia kwa kirefu, kwa sababu shida yako na ugomvi wa wale wengine vina mzizi mmoja. Watu wanabishana kipi kizuri, kipi kina kasi, kipi cha kisasa. Swali ninalotaka mlizoee ni lingine: siku nikitaka kuhama, nitatoka na nini?

Nianze na binti na kaka yake. Ubishi wao ni wa siku nyingi na una watu waliolipwa kuuchochea. Kati ya mwaka 2006 na 2009 Apple ilirusha Marekani mfululizo wa matangazo ya televisheni yenye wanaume wawili: kijana mtulivu aliyejiita Mac, na mwenye suti na miwani aliyejiita PC, ambaye mara ana mafua ya virusi, mara anaganda katikati ya mazungumzo. Yalipendeza sana, nayo yakaacha imani ambazo hadi leo nazisikia kwenye maduka ya kompyuta.

Imani ya kwanza ni kwamba Mac haipati virusi. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya laki sita. Ya pili ni kwamba Windows ni mbovu kwa asili yake. Ubovu mwingi tunaouona huku kwetu unatokana na Windows za wizi, zile fundi anazoweka kwa bei ya chee huku amezima masasisho ili zisigundulike. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai malipo, dawa yake Microsoft ilikuwa imeshaitoa tangu Machi. Walioumia kwa wingi ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Na ya tatu, kwamba Linux ni ya mafundi tu. Linux aliianza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, na kiini chake ndicho kinachoendesha Android. Wale wanaomcheka mwenzao hosteli, kama wana Tecno au Samsung mfukoni, wanashinda nayo kutwa.

Kwa hiyo mifumo endeshi yote mitatu inafaa, na yote mitatu ina kero zake. Sitamwambia binti kwamba kaka yake ni mjinga, wala kaka kwamba dada yake anapenda makuu. Nawaomba waangalie mlango wa kutokea.

Mfano mzuri ni wa watu wa studio. Logic ni programu ya kurekodia muziki. Ilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani, Emagic, na ilifanya kazi kwenye Windows na kwenye Mac. Julai 2002 Apple ikainunua Emagic, na kabla mwaka haujaisha toleo la Windows likasimamishwa. Prodyuza aliyekuwa na kazi za miaka kadhaa ndani ya Logic ya Windows akabaki na njia mbili: anunue Mac, au ahamie programu nyingine na kuzijenga upya kazi zake. Zilikuwa zake kisheria na hakuna aliyembishia. Kuzifungua tu ndiko kulikotegemea uamuzi uliofanywa na watu ambao hawakumjua. Upande wa pili, FL Studio, ambayo maprodyuza wengi wa bongo fleva wameanzia humo, ilikuwa ya Windows peke yake hadi mwaka 2018 ilipotoa toleo la Mac. Ndiyo maana kila kijana wa studio anayeniandikia namwambia neno hilohilo: wimbo ukikamilika, usiache faili la mradi peke yake. Toa kila ala na kila sauti kama WAV, moja moja, uziweke kwenye folda yenye jina la wimbo. WAV inafunguka popote, na itafunguka hata kama kampuni ya programu yako itakufa kesho.

Sasa tuje kwenye nyimbo za kununua, maana hapa ndipo historia ina uchungu wa kweli, na wengi wenu mlikuwa wadogo sana au hamkuwa mmezaliwa.

Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua duka la muziki la iTunes nchini Marekani. Wimbo mmoja senti 99 za dola. Wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja, na duka wakati huo lilikuwa la wenye Mac pekee. Watu wa Windows walifunguliwa Oktoba. Muziki mwingi wa mtandaoni ulikuwa wa kunakiliwa bure, na kampuni kubwa za muziki zilikuwa na hofu. Zikakubali kuuza kwa sharti kwamba kila wimbo utoke na kufuli. La Apple liliitwa FairPlay. Wimbo ulionunua ulifunguka kwenye kompyuta tatu ulizoziidhinisha, baadaye tano, na kwenye iPod, kifaa cha muziki cha Apple. Ukiwa na kifaa cha muziki cha kampuni nyingine, haukufunguka.

Elewa kufuli lenyewe linavyofanya kazi, maana nyimbo za dada yetu wa taarabu zimefungwa hivyohivyo. Faili unalo, limekaa kwenye diski yako, na unaweza kulinakili mara mia. Lakini limefumbwa, halisomeki bila ufunguo, na ufunguo unatolewa na seva ya kampuni kwa ajili ya akaunti yako na mashine yako. Unapolipa unapata vitu viwili: faili, ambalo linakaa kwako, na ufunguo, ambao unabaki chini ya mamlaka ya kampuni. Ni kama kabati lililoundiwa chumbani kwenye nyumba ya kupanga. Mbao umelipia wewe, fundi umemlipa wewe, lakini mlangoni halipiti.

Microsoft nayo ilikuwa na kufuli lake. Mwaka 2004 ilileta alama ya PlaysForSure, ikabandikwa kwenye vifaa vya kampuni mbalimbali ili mnunuzi awe na uhakika kwamba nyimbo za maduka yanayotumia kufuli la Microsoft zitapiga humo. Watu wakaamini, wakanunua. Novemba 2006 Microsoft ikatoa kifaa chake yenyewe, Zune, na Zune haikufungua nyimbo za PlaysForSure. Mtu aliyenunua nyimbo kwenye duka la Microsoft, MSN Music, hakuweza kuzisikiliza kwenye kifaa cha Microsoft.

Kisha ikaja Aprili 2008. Wateja wa MSN Music wakapokea taarifa kwamba baada ya tarehe 31 Agosti seva za funguo zitazimwa. Nyimbo zingeendelea kupiga kwenye kompyuta zilizokwisha idhinishwa, lakini ukinunua kompyuta mpya, au hata ukibadilisha mfumo endeshi wa ileile uliyonayo, ndiyo basi. Ushauri waliopewa ulikuwa wachome nyimbo zao kwenye CD. Wateja wakapiga kelele, na Microsoft ikasogeza mbele siku ya kuzima hadi mwisho wa mwaka 2011. Julai 2008 Yahoo ikatangaza kuzima za kwake, na Septemba ikafuata Walmart. Kelele zilizidi, Walmart ikaghairi kwa muda na Yahoo ikalipa fidia.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sioni sababu ya kuficha. Kufuli lile halikumgusa aliyenakili bure. Yeye alikuwa na MP3 yake, inapiga kwenye Windows, kwenye Mac, kwenye Linux, kwenye redio ya gari. Aliyebanwa ni yule aliyefungua pochi, akataka msanii apate haki yake. Ukimwadhibu mteja mwaminifu kwa uaminifu wake, unamfundisha kitu kibaya sana, na biashara ya muziki ilitumia miaka kulifundisha somo hilo.

Na kuna la Sony BMG, ambalo ni zito kuliko hayo. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliuza Marekani CD za kawaida kabisa za dukani, za wasanii wanaojulikana, ambazo ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows zilikupa mkataba wa kukubali, kisha zikasimika programu iitwayo XCP iliyojificha ndani ya mfumo endeshi ili usiweze kuiona wala kuitoa. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Mark Russinovich, mtaalamu wa undani wa Windows, aliikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuwatangazia watu. XCP ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na herufi fulani, na baada ya siku chache watengeneza virusi wakaanza kutumia jina hilohilo kuficha virusi vyao nyuma yake. Programu ya kuiondoa, iliyotolewa haraka haraka, ilifungua tundu jingine la usalama. CD zikarudishwa, kesi zikafunguliwa, na Januari 2007 Sony BMG ikakubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika.

CD ileile kwenye kompyuta ya Linux ilipiga kama CD nyingine yoyote. Kwenye Windows yenyewe mambo hayakuwa na mantiki: mwaka 2003 mwanafunzi wa Princeton, Alex Halderman, alionyesha kwamba kufuli jingine la CD, MediaMax, linakwepwa kwa kubonyeza kitufe cha Shift wakati unaingiza diski. Kampuni iliyolitengeneza ikatishia kumshtaki, kisha ikarudi nyuma mara moja. Nawasimulia haya ili muone kwamba kufuli la muziki na mfumo endeshi havitenganishiki. Kufuli linahitaji msaidizi ndani ya kompyuta yako, na msaidizi huyo hakutumikii wewe.

Kilichoyaondoa makufuli hayo ni walaji na hesabu. Huko Norway, Baraza la Walaji lilipeleka malalamiko dhidi ya iTunes Januari 2006, na mwaka uliofuata mtetezi wa haki za walaji wa serikali, Bjørn Erik Thon, akasema kuwafunga wateja wa iTunes kwenye iPod ni kinyume cha sheria ya nchi hiyo. Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, akatoa waraka wa wazi. Alikuwa na maslahi yake, hilo halifichiki, maana Ulaya ilikuwa inambana. Lakini hesabu aliyoweka mezani ilikuwa nzito. Mwaka 2006 nyimbo zenye kufuli zilizouzwa mtandaoni hazikufika bilioni mbili, wakati kampuni zilezile zilizodai kufuli ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. Mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, wa nyuma uko wazi. Kwa hesabu yake mwenyewe, chini ya asilimia tatu ya muziki uliokuwa kwenye iPod ya kawaida ndio uliotoka dukani kwake ukiwa na kufuli.

Aprili 2007 EMI ikawa ya kwanza kati ya kampuni nne kubwa za muziki kukubali kuuza bila kufuli. Septemba Amazon ikafungua duka la MP3 tupu. Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba kampuni zote nne zimekubali, na waliotaka kuondolewa kufuli kwenye nyimbo walizokwisha lipia wakatozwa senti 30 kwa kila wimbo. Walilipia wimbo, kisha wakalipia uhuru wa wimbo. Lakini tangu hapo, wimbo unaoununua kama faili kwenye duka la iTunes hauna kufuli, na watu wengi hadi leo hawajui.

Sisi huku hatukuyaonja hayo. Muziki wetu ulikuwa kwenye kaseti, kisha kwenye CD za kuchoma, kisha kwa vijana wa vibandani wanaojaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Hatua ya kununua faili tuliiruka. Boomplay, programu ya muziki iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, ilitufikia ikiwa imeshawekwa kwenye simu za Tecno, na Spotify ilifunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda Februari 2021. Tukatoka kwenye memori kadi moja kwa moja hadi kwenye kodi ya mwezi, na kodi ya mwezi imelirudisha kufuli lilelile, safari hii bila kelele, kwa sababu mtu wa kupanga hatarajii kuondoka na nyumba.

Sina ugomvi na kupanga. Kwa bei ya bando unasikiliza nyimbo zisizohesabika, msanii anapata chochote, na hakuna anayeiba. Ila ujue masharti. Wimbo uliopakua kwenye Spotify ya kulipia unaishi kwenye simu kwa sharti kwamba simu iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Ukienda kukaa kijijini kusiko na mtandao, hesabu siku zako. Ukiacha kulipa, vilivyopakuliwa havipigi. Na mwenye nyimbo anaweza kuziondoa hata kama wewe umelipa: Januari 2022 mwanamuziki Neil Young alitaka nyimbo zake zitoke Spotify kwa mgogoro wake na kampuni hiyo, zikatoka, zikarudi Machi 2024. Msikilizaji hakuulizwa. California sasa ina sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno la kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Natamani sana na sisi tuwe nayo.

Kwa hiyo dada wa taarabu, fanya hivi. Gawa muziki wako mafungu mawili. Nyimbo za kupita, zinazovuma leo na kesho huzikumbuki, endelea kuzipanga ukiwa na fedha. Nyimbo za mama, zile ambazo zikikosekana nyumba inapoa, hizo zimiliki. Angalia kwanza kabatini kwake: kama ana kaseti au CD, una hazina tayari. Kaseti unahitaji deki inayofanya kazi, waya mmoja kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la laptopu, na programu ya bure iitwayo Audacity, ambayo inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kama laptopu yako ina tundu moja tu la hedifoni, nunua kile kiunganishi kidogo cha sauti cha kuchomeka kwenye USB. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kabla ya kuanza. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ukiurekodi kwa ubora wa CD unachukua kama megabaiti 300 za WAV. Hifadhi hiyo kama nakala mama, kisha tengeneza MP3 za kuweka kwenye simu. Zile ambazo hazimo kabatini, zitafute kwenye maduka yanayouza faili, iTunes ikiwemo kama inauza muziki nchini kwako, na Bandcamp kwa wasanii waliojiunga humo. Mdundo ya Kenya nayo inakuruhusu kupakua MP3. Nakala hizo zitunze za kusikiliza nyumbani, usizigeuze biashara. Waimbaji wetu wa taarabu wameumia vya kutosha kwa watu waliochoma CD zao na kuziuza Kariakoo bila kuwapa senti.

Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Flashi moja haitoshi.

Turudi kwa binti na kaka. Kaeni mezani muandike programu ambazo kazi au masomo yanazilazimisha. Kama binti anasomea upimaji na ramani, ArcGIS Pro ni ya Windows tu, na mjadala umekwisha. Kama anataka kuhariri video kwa Final Cut, kwa upande wa kompyuta hiyo ni ya Mac tu. Kama kazi ni kuandika, kuhesabu, kuvinjari na kutuma barua pepe, yoyote itafaa, na bei ndiyo iamue.

Mkinunua ya mtumba, na wengi wetu ndiko tunakonunua, kuna mambo ya kuangalia ambayo muuzaji hatayasema. Kwa Windows, ulizeni prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine nyingi zinazotoka maofisini Uingereza na Dubai ni za kabla ya hapo, ndiyo maana zimeshuka bei ghafla. Si mbaya, ila ujue unachonunua. Nyingi kati ya hizo zitaishi miaka mingine mizuri zikiwekewa Linux. Kwa Mac za kuanzia mwaka 2018 hivi, zenye chipu ya T2 au za M, kuna kufuli la akaunti ya Apple ya mwenye mashine wa kwanza. Kama hajajitoa kwenye akaunti yake, au kama mashine ilikuwa ya kampuni na bado imesajiliwa huko, umenunua bati. Msitoe hela mpaka muuzaji aifute na kuiwasha upya mbele yenu, ifike kwenye ukurasa wa kuanza bila kuomba akaunti ya mtu. Akisema nenosiri yuko nalo shemeji yake Muscat, muageni kwa heshima.

Kufuli jingine ni la nchi, kwa mwenye ndugu Marekani anayetaka kumtumia zawadi ya kadi ya Apple: kadi hizo ni za nchi zilikonunuliwa. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyofunguliwa Tanzania. Afadhali atume fedha.

Na wanaobadilisha simu, tafadhali, kumbukeni WhatsApp. Nakala ya Android inakaa Google, ya iPhone inakaa iCloud, na hazisomani. Kwa miaka mingi aliyehama upande mmoja kwenda mwingine aliacha nyuma mazungumzo yote, sauti za wazazi zikiwemo. Njia rasmi ya kutoka iPhone kwenda Samsung ilikuja mwaka 2021, na ya kutoka Android kwenda iPhone mwaka 2022, na kwa kawaida inataka kufanywa wakati simu mpya inawashwa mara ya kwanza. Usikimbilie kuipangusa simu ya zamani. Zile sauti zenye thamani kubwa, zitoe moja moja uziweke kwenye kompyuta pamoja na nyimbo za mama.

Nimalizie na wewe mwanachuo wa Linux. Uko upande mzuri, na una ushahidi mkubwa kuliko unavyojua. Jon Lech Johansen wa Norway alikuwa na miaka 15 mwaka 1999 aliposhiriki kutengeneza DeCSS, programu ya kufungua DVD, wakati ambapo mtumiaji wa Linux hakuwa na njia rasmi ya kutazama diski aliyoinunua kwa fedha yake. Alishtakiwa, akaachiwa huru Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, akaachiwa tena Desemba. Lakini wenzako hawatashawishika kwa historia. Tayarisha Ubuntu au Linux Mint kwenye flashi, mwambie mmoja tu, yule mwenye laptopu inayokwama, aijaribu kutoka kwenye flashi hiyohiyo bila kugusa Windows yake. Aone kama Wi-Fi inashika, kama printa ya chuo inaitikia, kama nyaraka zake za Word zinafunguka vizuri kwenye LibreOffice. Zenye majedwali mengi huwa zinavurugika kidogo, mwambie mapema. Akitumia Photoshop kwa kazi za kulipwa, mwache alipo, kwa sababu Photoshop haina toleo la Linux. Na kabla hujamwekea kitu cha kudumu, nakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, mfungue matatu manne pamoja kwenye kompyuta nyingine, ndipo uendelee.